Alichowasha Mlezi

Katika Jamhuri ya Pembeja hakuna kitu kilichokuwa kitu mpaka kizinduliwe. Barabara ingeweza kukamilika, ikapigwa lami na kuchorwa mistari, lakini kama Mlezi wa Taifa hajaikatia utepe, hiyo haikuwa barabara. Ilikuwa mahali pa mbuzi kuotea jua, na ole wake dereva atakayepita. Choo cha soko la Mkangala kilimalizika kabla ya masika, kikakaa na kufuli mpaka kiangazi, wachuuzi wakihangaika vichakani huku wakisubiri siku ambayo Mlezi angepata nafasi. Alipokuja alihutubia tangu asubuhi, mpaka waliokuwa wamebanwa wakawa hawakihitaji tena. Lakini walipiga makofi, jamani, tena kwa moyo wote, maana hotuba ilikuwa imekwisha.

Aliyeyashika mambo haya mkononi ni Bwana Hamduni Kisaka, Mkurugenzi wa Itifaki na Uzinduzi, mtu wa makamo, mnene kiasi, suti zake zimenyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Kazi yake hasa ilikuwa mkasi. Mkasi wa Taifa ulikuwa mmoja tu, wa rangi ya dhahabu, unalala ndani ya kisanduku cha mahameli nyekundu, na kisanduku hakikutoka kwapani mwa Bwana Hamduni hata anapokwenda kwenye harusi za watu. Sheria, ambayo aliiandika mwenyewe enzi za ujana wake wa kujipendekeza, ilisema wazi: mahali ambapo mkasi haujafika, hakuna kitakachofunguliwa, kufungwa, kuwashwa wala kuzimwa. Ibara iliyofuata ilikuwa fupi zaidi, ikapendwa zaidi, ikabandikwa kila ofisi: Alichowasha Mlezi hakizimwi.

Ibara hiyo ilitokana na chemchemi ya mapambo katikati ya mji. Fundi bomba aliifunga asubuhi moja ili azibe mahali palipovuja, msafara wa Mlezi ukapita, Mlezi akachungulia dirishani akakuta maji hayaruki. Aliuliza swali moja tu: "Nani amenikausha?" Fundi hakuonekana tena mjini. Bwana Hamduni, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele, aliiandika ibara ile juu ya goti lake kabla gari halijaingia Ikulu.

Miaka ikaenda, Mlezi akazeeka kama tunavyozeeka sote, ingawa kule Pembeja kusema hivyo ni kosa. Kiganja cha kushikia mkasi kikaanza kumuuma. Hapo ndipo Bwana Hamduni alipotoa wazo lililompatia nyumba ya ghorofa na nishani: kwa nini Mheshimiwa ateseke na tepe chungu nzima? Maji, umeme, hospitali, benki, taa za barabarani, mageti ya magereza, vyote viunganishwe kwenye kompyuta moja kubwa, halafu Mheshimiwa akate utepe mmoja na kubonyeza kitufe kimoja, basi, amemaliza nchi nzima. Injinia mkuu wa serikali, Semeni Kapilima, mama mmoja mkavu wa maneno, aliuliza kama kulikuwa na sababu ya kitaalamu ya kufanya hivyo. Akajibiwa kwamba ipo, nayo ni kiganja cha Mlezi.

Kompyuta hiyo ikaitwa Mtambo Mama. Ilizinduliwa kwa ngoma na ng'ombe wa kuchinjwa, na kuanzia siku hiyo mtu wa Pembeja hakuweza kuchota maji bombani bila Mtambo Mama kujua.

*

Halafu ikaja picha.

Ilimfikia Bwana Hamduni ofisini kwenye kompyuta yake, ikitoka kwa watu waliojiita Wapenzi wa Mlezi Waishio Ughaibuni. Picha nzuri kweli! Mlezi alikuwa kijana, meno yote yapo, nywele zimejaa, anatabasamu kama bwana harusi. Na sheria ya nchi, msiniulize nani aliiandika, ilimtaka kila mtumishi anayeletewa picha ya Mlezi aifungue papo hapo na kuiweka kwenye skrini yake. Anayechelewa aeleze kwa maandishi alikuwa anafikiria nini. Bwana Hamduni akaisambaza nchi nzima, kuanzia wizara mpaka zahanati, na kwa Mtambo Mama wenyewe.

Muda si muda Semeni akapiga simu.

"Bosi, hii picha ni nzito mno. Picha ya kawaida haiwi hivi. Niachie niikague kwanza."

"Umkague nani?"

"Nimesema picha."

"Picha ya nani, mama?"

Semeni akaanza kutaja jina, akaliacha njiani.

"Mama Kapilima," Bwana Hamduni akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa itifaki tu. "Una watoto wanaokutegemea?"

"Ninao."

"Basi fungua."

Akaifungua. Na kila mtu aliifungua, na kwa siku kadhaa Pembeja nzima ikafanya kazi chini ya tabasamu lile, bila neno, bila tatizo.

*

Asubuhi yenyewe Bwana Hamduni alikuwa bafuni, uso umejaa povu, maji yakakata. Hakushangaa, kukatika kwa maji ni jambo la kawaida hata kwenye nchi zinazoendelea vizuri zaidi. Alijifuta kwa taulo, akaenda dirishani. Taa za njia panda zilikuwa zimewaka kijani pande zote nne, na madereva wa Pembeja, watu watiifu, walikuwa wamezitii wote kwa pamoja. Mabati, vioo, matenga ya nyanya, mtu amekaa chini anashika kichwa. Umeme ulikuwa bado upo, akawasha televisheni.

Tabasamu la Mlezi lilikuwepo pale pale. Chini yake palichorwa kufuli, na chini ya kufuli maneno: "Tumeshika maji yenu, umeme wenu, benki zenu na hospitali zenu. Lipeni, tutafungua. Kila mkichelewa tutafunga kingine. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Baadaye wakubwa walikiri kwamba kilichowachoma zaidi ni ile radhi, kwa sababu serikali haikuwahi kuiomba.

Baraza la Mawaziri likaitwa. Waliingia kwa kuvunja mlango, kwani mlango nao ulikuwa wa Mtambo Mama, wakaketi jashoni mikono juu ya meza. Waziri wa Mitambo, Mheshimiwa Daktari Injinia Fulgensi Mtapula, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Mlezi, kwa unyenyekevu mkubwa naomba kuliarifu Baraza lako tukufu kwamba maji hayajakatika. Maji yapo! Yamepumzika ndani ya bomba, yakiwa na imani kubwa na uongozi wako."

Makofi.

"Na umeme?" Mlezi akauliza.

"Umeme nao upo, Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba haufiki."

Waziri wa Fedha akasema yeye hana kinyongo cha kulipa, ila wahalifu wamefunga na benki, kwa hiyo fedha za kuwalipa wanazo wao wenyewe. Alikuwa amewaandikia akiwaomba wafungue kidogo ili walipwe, hawajajibu. Alisema kwa uchungu kwamba watu wa aina hii hawajui biashara.

Mlezi akamgeukia Bwana Hamduni, aliyesimama nyuma ya kiti na kisanduku chake. "Hawa watu, wana mwaliko?"

"Hawana, Mheshimiwa."

"Basi hawapo."

Ikapitishwa hivyo. Likaandikwa tangazo kwamba nchi imeingia katika Juma la Mapumziko ya Mitambo, wananchi waliadhimishe kwa utulivu, na kofia zitagawiwa. Wakati tangazo linasomwa, simu ya Bwana Hamduni ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Mbele ya Mlezi simu haipokelewi, hilo nalo alilitunga yeye, basi akasimama wima huku paja lake likitikisika, akitabasamu, mpaka kikao kikaahirishwa.

Alikuwa mkewe.

"Baba Rukaya, uko wapi wewe? Mashine ya mtoto imezima! Nimekupigia mpaka vidole vinaniuma!"

*

Rukaya alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, njiti, mdogo kiasi kwamba Bwana Hamduni alipooneshwa mara ya kwanza alimtafuta ndani ya nguo asimwone. Hakuwa amepewa jina bado. Alilala Hospitali Kuu, kilimani, ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, na bomba jembamba la hewa puani.

Wodi ilikuwa na giza la mapazia na joto la watu. Hakukuwa na mlio wowote wa mashine, sauti tu ya akina mama wakihema. Kila mama alikuwa ameinamia mwanawe, anaminya mfuko wa hewa kwa mkono, taratibu, kama nesi alivyowaonesha. Kisanduku kimoja kilifunikwa kanga. Mama wa kisanduku hicho alikaa ameelekea ukuta, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Bwana Hamduni alitazama ile kanga, akakihamisha kisanduku chake kwapa la pili.

"Baba," Rukaya alisema bila kuinua macho, vidole vyake vikiendelea kuminya. "Wewe si ndiye mtu wa Ikulu? Waambie basi."

"Jenereta hamna?" akamuuliza daktari.

"Ipo, kubwa, nyuma ya mochwari, na mafuta imejaa. Ila ilifungwa pamoja na Mtambo Mama. Haiwaki mpaka Mtambo uiambie umeme hakuna, na Mtambo unaiambia umeme upo."

"Na Mtambo wenyewe ukizimwa?"

"Ukifa kabisa, jenereta itaona kimya na itawaka yenyewe. Ndivyo ilivyotengenezwa." Daktari akakitazama kile kisanduku cha mahameli. "Lakini mzee wangu, nani atauzima?"

Mama Rukaya alimvuta mumewe mkono, akampa mfuko aminye. Akaminya. Kifua cha mtoto kikapanda kidogo, kikashuka. Akaminya tena. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya Mlezi, na hilo lilimshangaza, kwa kuwa alidhani hofu yake yote alikwisha itoa huko.

*

Chumba cha Mtambo Mama kilikuwa na baridi nzuri. Wahalifu hawakutaka mtambo wao upate joto. Semeni Kapilima alikuwa amekaa juu ya ndoo, viatu amevua. Mbele yake kitufe kikubwa cha dhahabu kilikaa chini ya kikombe cha kioo, koplo amesimama kando na bunduki. Ukutani ibara ilining'inia ndani ya fremu, na saini ya Hamduni Kisaka chini yake.

"Zima," Bwana Hamduni akasema.

"Mimi?" Semeni akaonesha ukutani kwa kidole cha mguu. "Nisomee pale kwanza. Miwani yangu nimeisahau."

Bwana Hamduni akampigia Katibu wa Ikulu.

"Kuzima?" Katibu akashtuka. "Bwana Kisaka, hatuna itifaki ya kuzima. Ungeitunga wewe, na hukuitunga."

"Watoto wanakufa hospitalini."

"Pole sana. Andika pendekezo. Likipita tutatafuta siku. Mheshimiwa atahitaji hotuba, na hotuba ya kuzima hajawahi kuitoa. Na bendi itapiga nini? Hatuna wimbo wa kuzima! Umefikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria. Akakata simu, akamwendea koplo.

"Fungua kioo."

"Samahani, mzee," koplo akasema, kijasho kinamtoka. "Kuna sheria. Mkasi upo?"

Bwana Hamduni akafungua kisanduku. Mkasi wa Taifa ukang'aa. Koplo alikuwa hajawahi kuuona kwa karibu. Akagonganisha visigino, akapiga saluti, akainua kioo kwa mikono miwili. Hapakuwa na utepe, hapakuwa na wimbo. Bwana Hamduni akabonyeza.

Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Tabasamu la Mlezi likatoweka kwenye skrini, kwanza meno, halafu macho. Kisha kwa mbali, kutoka kilimani, ukasikika mngurumo mzito unaokohoa, unakohoa, unashika. Simu ikaita.

"Imewaka!" Mama Rukaya alikuwa analia. "Baba Rukaya, imewaka, tumeacha kuminya, wallahi anapumua!"

Bwana Hamduni akakaa chini sakafuni na suti yake, akalia. Koplo akageuza uso ukutani kwa adabu, akajikuta anaisoma ile ibara.

*

Likatokea jambo ambalo redio haikulitangaza, kwa kuwa redio nayo ilikuwa imezima: mambo yakaanza kwenda. Trafiki walisimama njia panda wakapunga mikono, magari yakapishana. Vijana wakafukua visima vya zamani. Benki zikafungua kwa daftari na kalamu, na watu wakashangaa kwamba fedha zao bado zilikuwepo.

Lakini Ikulu, Mlezi alikuwa ameamka usingizini akakuta hayupo. Hayupo ukutani, hayupo mezani, hayupo kwenye simu za wasaidizi wake. Nchi nzima hapakuwa na skrini hata moja yenye uso wake.

"Nani amenizima?" aliuliza.

Walimleta Bwana Hamduni na kisanduku chake. Hakukana. Mlezi alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu aliyeumizwa na ndugu.

"Tukuchukulie hatua gani, Hamduni?"

"Mheshimiwa," Katibu akanong'ona, "kuna sherehe ya kuwasha upya. Mpangilio wake anaujua yeye peke yake."

"Basi ashughulikiwe baada ya sherehe," Mlezi akasema, akaomba chai.

Tume ya uchunguzi haikukawia. Haikutafuta waliofunga nchi, maana hawakuwa na mwaliko na hivyo hawakuwepo. Ilitafuta kosa, ikalipata nyuma ya mochwari: jenereta ya Hospitali Kuu ilikuwa imewaka yenyewe, bila mkasi, bila utepe, bila kuzinduliwa na mtu. Waziri Mtapula aliliita utovu wa nidhamu wa hali ya juu. Ikaamriwa jenereta ikamatwe siku ya sherehe na kupelekwa kituo cha polisi, iwe kidhibiti.

Semeni Kapilima alikwenda wizarani. Safari hii alikuwa amevaa viatu.

"Waheshimiwa, kabla ya kuuwasha tuifute ile picha. Walipita humo. Iko ndani bado. Mkiuwasha nayo, watakuwa wamerudi kabla hamjamaliza kupiga makofi."

"Kumfuta Mlezi?" Waziri akauliza polepole. "Nani atasaini?"

Wakatazamana kuzunguka meza. Kalamu ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, ikarudi ilikotoka.

"Isitoshe," Waziri akamalizia, "Mlezi hawezi kuwa na kirusi. Daktari wake alishathibitisha."

Kesho yake Semeni hakuonekana kazini. Walisema amepewa likizo. Bwana Hamduni alipopita kwake alikuta ndoo ya kufulia imeachwa uani, nguo zimo bado kwenye povu, na jirani akafunga dirisha alipomwona. Huko Mtambo Mama nako mabadiliko yalifanyika: kitufe kilifunikwa kifuniko cha chuma, na ufunguo wake ukakabidhiwa Mtambo wenyewe, kwa kuwa ndio pekee nchini usioweza kuhongwa wala kulia.

*

Asubuhi ya sherehe polisi walioneshwa mkasi kama sheria inavyotaka, wakaizima jenereta, wakaibeba kwa winchi, wakaifunga pingu kwenye lori. Daktari aliwasihi wangoje hata jioni. Wakamwambia umeme unarudi jioni hiyo hiyo, ana haraka gani?

Saa hizo hizo gari la Itifaki lilifika mlango wa nyuma wa hospitali likiwa na kasha la mashada ya maua. Bwana Hamduni na mkewe walilishusha wenyewe, wakihema. Chini ya maua kulikuwa na kajenereta kadogo ka petroli, kale ka kuendeshea friji ya nyumbani, ambako tangu kanunuliwe hakajaonwa na mkasi. Wakakaweka kwenye kibaraza cha nje, waya ukapita dirishani.

"Leteni watoto wote chumba hiki," Bwana Hamduni akasema. "Wote, siyo huyu wetu tu."

"Mafuta yatatosha?" Rukaya akauliza.

"Dumu moja. Ndilo nililopata." Akagusa kioo cha kisanduku. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, usingizini, amekasirika kidogo kama babu zake wote. "Mtamwita nani?"

"Tunakusubiri wewe, Baba. Si ndiye unayejua mpangilio?"

Akacheka. Mama Rukaya alimfuta chavua begani kwa kiganja. "Usikawie kurudi," akasema, ingawa wote wawili walijua kinachofuata baada ya sherehe.

*

Sherehe ilipangwa mchana, kwa hiyo ilianza jua linazama. Jukwaa lilijengwa mbele ya Jumba la Mtambo, kitufe kikatolewa nje na kuwekwa juu yake, kilima cha hospitali kikionekana vizuri ng'ambo ya bonde. Mlezi alihutubia juu ya mwanga. Alisema kuna watu walidhani giza ni giza, kumbe giza lilikuwa maandalizi. Alisema taifa lililozimwa na mkono wa mtu mmoja litawashwa na mkono wa mtu mmoja. Bwana Hamduni alisimama kando na sinia, mkasi juu ya mahameli, macho yake kilimani.

Utepe ukakatwa. Kifuniko kikafunuliwa kwa mkono, maana Mtambo ulikuwa bado umezima, Mlezi akabonyeza, kifuniko kikajifunga chenyewe.

Mji ukawaka! Mtaa baada ya mtaa, madirisha, nguzo, chemchemi ikaruka, hospitali nzima ikang'aa juu kilimani. Watu wakapiga kelele, bendi ikavuma, na Bwana Hamduni, kwa dakika ile moja, alitaka kuamini kwamba alikuwa mjinga na kwamba Semeni alikuwa mjinga na kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Kwenye skrini kubwa Mlezi kijana alitabasamu kumtazama Mlezi mzee.

Chini ya tabasamu likajichora kufuli. Halafu maneno mawili tu: "Karibuni tena."

Taa zikaanza kuzima upande wa bandari, zikaja hivi zikizima, soko, stesheni, mahakama, bila haraka. Chemchemi ikaanguka. Hospitali ikazima kwa mara moja. Bendi iliendelea kidogo, kisha wapiga tarumbeta mmoja mmoja wakaacha. Waziri Mtapula alikimbilia kitufe, akang'ang'ana na kifuniko cha chuma mpaka kucha ikang'oka. Hakikufunguka. Mtambo haukuwa umetoa ruhusa.

Giza likakaa juu ya Pembeja yote, isipokuwa mahali pamoja. Juu kilimani, dirisha moja dogo lilikuwa linawaka.

Mlezi aliliona. Watu wote waliliona, hapakuwa na kingine cha kuona.

"Ile pale," Mlezi akasema. "Nani kaizindua?"

Katibu akapekua orodha yake gizani.

"Kuna kitu kinawaka katika nchi yangu ambacho sikukiwasha mimi?"

"Haijazinduliwa, Mheshimiwa," Katibu akajibu.

"Basi izimwe," Mlezi akasema, na akanyoosha tai yake gizani. "Izimwe kwanza, halafu niiwashe rasmi. Wananchi hawawezi kukaa gizani bila kuona kiongozi wao anafanya kazi. Bendi itangulie. Hamduni, mkasi!"

Bwana Hamduni aliijua hotuba itakayotolewa mlangoni mwa wodi; angeweza kuikariri. Alijua ingechukua muda gani, na alijua kifua kile kidogo kisingeisubiri. Alijua pia sheria, neno kwa neno: mahali ambapo mkasi haujafika, hakuna kitakachozimwa. Hakuna askari wa Pembeja angegusa waya bila kuuona kwanza. Akamshukuru yule kijana wa kujipendekeza aliyeiandika.

Akauchukua mkasi kwenye sinia, akautia kwapani, akaruka kutoka jukwaani. Goti likamgonga chini, suruali ikachanika, akainuka, akakimbia. Hakukimbilia kilimani. Alikimbilia upande wa pili, kwenye mitaa iliyozimika, mtu mnene wa makamo anayepumua kwa mdomo, na nyuma yake buti na filimbi na sauti ya Katibu ikipiga kelele, "Mkasi! Jamani, mkasi!"

Kwenye daraja la reli alishindwa kujizuia, akageuka. Dirisha lilikuwepo. Aliona tochi zikipanda kilima, zikifika hospitali, zikisita, halafu zikijipanga mstari mmoja mbele ya mlango. Hazikuingia. Askari walikuwa wamesimama kwa heshima, wanausubiri mkasi.

Akafikiria lile dumu la petroli, akasikia buti zikiingia darajani. Akaubana mkasi kwapani, akaendelea kukimbia.